Ratiba ya mazoezi ya vyuma kwa wafanyakazi wa shifti

Ratiba ya mazoezi ya vyuma ni mpangilio wa siku ambazo mtu hunyanyua uzito na siku ambazo mwili wake hupumzika, ili misuli iimarike bila kuvuruga kazi, masomo, ibada na usingizi. Ratiba nyingi zinazosambaa mitandaoni hufuata majina ya siku: kifua Jumatatu, mgongo Jumatano, miguu Ijumaa. Mpango huo unamfaa mtu anayetoka kazini jioni kila siku na kupumzika mwisho wa wiki. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, nchini Tanzania, ambako watu wengi huishi kwa kazi za migodini, mara nyingi haufai.

Wiki ya mgodini

Mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulianzishwa mwaka 1940. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Migodi mikubwa ya dhahabu hufanya kazi mchana na usiku, hivyo wafanyakazi hupokezana kwa shifti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na hairuhusu mtu kufanyishwa kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Sheria hiyo inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Chukua mfano wa mzunguko wa siku 12: nne za mchana, nne za usiku na nne za mapumziko. Kwa kuwa mzunguko huo haulingani na wiki ya siku 7, Jumatatu ya wiki hii inaweza kuwa ya mapumziko na ya wiki ijayo ikawa ya kazi. Itachukua siku 84, yaani wiki 12, hadi mzunguko uanze tena siku ileile ya wiki. Anayejipangia "miguu kila Ijumaa" ataikosa miguu mara nyingi, kisha ataona kwamba yeye ni mvivu, ilhali kosa ni la ratiba.

Kufuata mfuatano badala ya siku

Njia rahisi ni kuacha majina ya siku na kupanga vipindi kwa mfuatano. Mtu anaandaa vipindi viwili, A na B, kila kimoja kikigusa mwili mzima. A kinaweza kuwa na kuchuchumaa huku uzito ukiwa mabegani, kusukuma uzito ukiwa umelala chali, na kuvuta uzito kuelekea tumboni. B kikawa na kuinua uzito kutoka chini, kusukuma uzito juu ya kichwa, na kujivuta kwenye bomba. Seti tatu za kila zoezi zinatosha kwa anayeanza. Baada ya A hufuata B, kisha A tena, hata kama siku tano zimepita katikati. Kipindi kilichokosekana hakilipwi kwa kufanya viwili siku moja. Mtu huendelea pale alipoishia.

Mpango huu una msingi wa kisayansi. Tafiti zinaonyesha kwamba idadi ya seti anazofanya mtu kwa wiki ina uzito zaidi kuliko jinsi seti hizo zilivyogawanywa katika siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watu wazima waimarishe misuli mikuu yote angalau siku 2 kwa wiki. Aidha, nguvu iliyokwisha kupatikana inaweza kudumu kwa wiki nyingi kwa kipindi kimoja tu kwa wiki, mradi uzito wenyewe usipunguzwe. Kwa hiyo wiki mbaya haifuti kazi ya miezi.

Katika mzunguko wa siku 12 uliotajwa, vipindi vinaweza kuwekwa siku ya 3, ya 7, ya 10 na ya 12. Hivyo ni vipindi vinne, wastani wa zaidi ya viwili kwa wiki. Siku ya 3 ni ya shifti ya mchana. Ukiondoa saa 12 za kazi, saa 7 za usingizi na saa 2 za basi la kwenda na kurudi, zinabaki saa 3 za kuoga, kula na kukaa na familia. Kipindi kisizidi dakika 40. Siku ya 7 ni ya shifti ya usiku, na hapo saa inayofaa ni alasiri, baada ya kuamka. Kufanya mazoezi asubuhi mara tu baada ya kutoka shifti huchelewesha usingizi ambao tayari ni mgumu kwa sababu ya jua na kelele za mtaani. Siku ya 9, ya kwanza ya mapumziko, iachwe kwa ajili ya kulala. Vipindi vizito ni vya siku ya 10 na ya 12.

Usingizi unatangulia vyuma. Dereva wa lori kubwa la mgodini akisinzia kwenye usukani anahatarisha maisha yake na ya wenzake, na hakuna zoezi linalostahili hatari hiyo. Aliyelala chini ya saa 5 aahirishe kipindi.

Wachimbaji wadogo

Kwa mchimbaji mdogo hesabu ni nyingine kabisa. Anayevuta viroba vya mawe kutoka kwenye duara, au mama anayeponda mawe kwa nyundo kutwa nzima, tayari amebeba uzito. Mgongo, mikono na viganja vyake vimechoka kabla hajagusa chuma. Akiongeza mazoezi ya kuvuta na kuinua, anaongeza uchovu kuliko nguvu. Vipindi viwili vifupi vyenye kuchuchumaa, pushapu na mazoezi ya tumbo vinatosha, navyo viwekwe siku ambazo kazi ni nyepesi. Duara likitema, watu hushinda na kukesha kazini. Wiki hiyo mazoezi yasimame kabisa. Mtu mwenye misuli inayouma hapaswi kushuka shimoni akitegemea mikono hiyohiyo kushika kamba.

Vumbi la mawe huleta ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, na wachimbaji wako katika hatari kubwa ya kifua kikuu. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au anayehema kwa kazi ndogo, apimwe kwanza hospitalini.

Kilimo, masomo na ibada

Wakulima wa pamba hupanda Novemba na Desemba, kisha hufuata palizi. Miezi hiyo kipindi kimoja kwa wiki kinatosha, na vyuma vizito vingoje kiangazi baada ya mavuno. Wanafunzi wa bweni wenye mchakamchaka wa asubuhi wanapata pumzi na miguu, lakini mikono na kifua vinahitaji siku mbili zaidi. Waadventista Wasabato huacha mazoezi toka jua la Ijumaa linapozama hadi la Jumamosi, na Waislamu wengi katika Ramadhani hufanya baada ya futari. Kwa anayefuata mfuatano, A na B husogea tu.

Vifaa na chakula

Vyuma vya kienyeji hutengenezwa kwa bomba na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kopo la lita 4 huwa na uzito wa karibu kilo 10, lakini pande mbili hazilingani mara zote. Ni vema kuzipima kwenye mizani ya dukani kabla ya kuzitumia. Dagaa wa Ziwa Victoria, maharage na karanga hujenga misuli, na ugali au michembe hutoa nguvu ya kufanya kazi. Anayetoka kwenye joto anywe maji na kupumzika kwanza kabla ya kushika chuma.