Chuo Kipi cha Sheria kwa Asiyeamua Kuwa Wakili?

Mwaka 1961, kitivo cha kwanza cha sheria Afrika Mashariki kilifunguliwa Dar es Salaam kikiwa na wanafunzi wasiofika 20. Leo shahada ya sheria hutolewa na vyuo vya umma na vya binafsi katika mikoa kadhaa ya Tanzania, na vyuo hivyo hujinadi kwa waombaji kana kwamba kila anayeingia amekwisha kuamua kuvaa joho la wakili, ilhali wengi hawajaamua, na wapo watakaoishia kuwa maofisa sheria, yaani wanasheria walioajiriwa na taasisi kusimamia mikataba na migogoro yake, au makatibu wa kampuni, au wafanyakazi wa benki wasiokanyaga mahakamani kabisa.

Mjadala kuhusu ubora wa vyuo hivi umetawaliwa na takwimu moja. Mwaka 2022, kati ya watahiniwa 633 wa mafunzo ya sheria kwa vitendo, ambayo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007 humpasa mhitimu wa shahada kuyapitia kabla ya kuandikishwa kuwa wakili, 26 tu walifaulu masomo yote kwa mkupuo, 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Maelezo ya upande wa wasimamizi wa mafunzo hayo yalikuwa kwamba vyuo huleta wahitimu dhaifu, hasa katika Kiingereza. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanamwacha nje mwalimu na mtungaji wa mtihani, na ni vigumu kukubali kwamba kosa lote lilitendeka kabla mwanafunzi hajafika. Tena, aliyefaulu baada ya kurudia mtihani huandikishwa kuwa wakili sawasawa na mwenzake, na takwimu hiyo haisemi lolote kuhusu mhitimu ambaye hakuomba mafunzo hayo. Kwa mwombaji ambaye bado anasitasita, basi, namba hiyo inayotisha kuliko zote ndiyo yenye msaada mdogo zaidi.

Lenye msaada zaidi ni lalamiko la mawakili wa kujitegemea wenye ofisi ndogo, ambao husema kwamba mhitimu huja akiwa amekariri majina ya kesi lakini hawezi kuandika hati ya madai, yaani waraka unaofungua shauri, wala barua ya kumdai mpangaji kodi, na kwamba kumfundisha upya kunakula muda ambao ofisi hailipwi. Sheria iliyotungwa mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, wakati mihadhara bado hutolewa kwa Kiingereza, hivyo ofisi hizo zinamtafuta anayeandika vizuri kwa lugha zote mbili. Mawakili hao nao hunufaika na wahitimu wanaojitolea kwa posho ndogo, jambo ambalo hawalitaji. Hata hivyo, lalamiko lao linaonyesha mahali pa kutazama: chuo chenye kliniki ya sheria, ambamo wanafunzi huwasaidia wananchi wasio na uwezo chini ya uangalizi wa mwalimu, humpa mhitimu ufundi wa kuandika na kusikiliza ambao hata benki au halmashauri huuhitaji.

Gharama huja baada ya hapo, na pengine ndiyo yenye uzito zaidi kwa asiyeamua, kwa kuwa mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na mwenye deni kubwa hulazimika kushika kazi ya kwanza inayolipa badala ya kazi inayomfaa. Shahada ya miaka 3, inapopatikana, hupunguza deni kuliko ya miaka 4. Mahali pa kufanyia kazi nako kutazamwe: anayefikiria Zanzibar, ambako Mahakama ya Kadhi ni sehemu ya mfumo wa dola, atafaidika na chuo kinachofundisha sharia kwa kina. Anayetazama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika akumbuke kwamba Burundi na Kongo hufuata mfumo wa sheria uliotokana na Ubelgiji.

Huenda hali ikaboreka, ingawa dalili ni chache. Vyuo hupenda kutangaza idadi ya waliohitimu kuliko mahali walipo miaka 3 baadaye, na mwombaji anayetaka kulijua hilo hana budi kuwatafuta wahitimu wenyewe, kwenye korido za mahakama na katika ofisi ambazo mlangoni hapajaandikwa neno sheria.