Mchanga wa Kwale na Mkono wa Mpasuaji

Yamkini mwalimu wa kemia hapa Wote, afikapo kwenye elementi ya 22, hutaja jina na alama yake, kisha akapita. Huo ni msiba mdogo, kwani titaniamu imechimbwa katika nchi yetu wenyewe.

Hebu mwanafunzi amfikirie daktari anayeshona jicho chini ya hadubini. Kibano kizito huchosha vidole, na kidole kilichochoka hutetemeka. Sentimita moja ya ujazo ya titaniamu ina uzito wa gramu 4.5, ya chuma kisichoshika kutu hukaribia 8. Aidha, igusapo hewa, titaniamu hujivika papo hapo utando mwembamba wa oksidi ambao damu, chumvi na mvuke wa kuulia viini haviuharibu. Ile rangi ya samawati ionekanayo kwenye vibano vingi vya macho si rangi ya kupaka. Ni utando huo huo ulionenepeshwa kwa umeme, nao huichezea nuru kama mafuta yaeleavyo majini.

Hata hivyo, tusiitukuze kupita kiasi. Makali yake hayadumu kama ya chuma kilichokazwa kwa moto, na bei yake ni kubwa. Hospitali inayotupa mikasi mizima ya chuma ili inunue ya titaniamu inafuja fedha.

Ughali huo hautokani na uhaba. Titaniamu ni ya tisa kwa wingi katika ganda la dunia. Taabu ni kuitenga na oksijeni: mbinu ya Kroll, iliyobuniwa kabla tu ya miaka ya 1940, hudai klorini, magnesi na joto kali. Ndiyo maana mchanga wa Kwale, uliosafirishwa kupitia Likoni tangu Februari 2014 hadi uchimbaji ukakoma Desemba 2024, uliondoka ukiwa mchanga. Tena sehemu kubwa ya madini hayo duniani haiwi kibano wala ndege, bali rangi nyeupe ya kuta, labda hata za darasa lako.

Hospitali ya rufaa ya Makueni iko papa hapa mjini. Mwalimu na aombe kibano cha chuma kilichochakaa, kilichokwisha kutakaswa, pamoja na kipande cha titaniamu kikipatikana, awape wanafunzi mizani na sumaku. Aanze kwa kuwauliza kipi kitanasa.