Kombe zuri lenye sumu ya kuua

MWAKA wa 1935, kijana mmoja aliokota kombe la kupendeza katika kisiwa cha Hayman, Australia. Konokono aliyekuwa ndani akamdunga kiganjani. Hakuhisi maumivu makali. Lakini punde midomo ilikufa ganzi, macho yakaingia ukungu, miguu ikalegea, na siku hiyo hiyo akafariki.

Konokono huyo, ambaye wataalamu humwita Conus geographus, yuko pia kwenye matumbawe ya Pwani yetu. Kombe lake hufikia sentimita 15, ni jepesi, na lina mabaka ya kahawia. Mchana hujificha mchangani au chini ya mawe. Usiku huwinda samaki. Silaha yake ni jino mfano wa chusa, lililojaa sumu, ambalo hulirusha kwa mdomo mrefu kama mkonga. Wako wanaodhani kumshika upande wa nyuma ni salama. Wanajidanganya! Mdomo huo hupinda na kuufikia mkono.

Kwa hivyo, mzazi, ukiwapeleka watoto Watamu au Diani likizo hii, kombe lenye umbo la pia lisiokotwe wala kutiwa mfukoni.

Dawa ya kuivunja sumu hiyo haijapatikana. Aliyedungwa asitembezwe, mkono au mguu ufungwe bendeji pana, na akimbizwe hospitalini. Kinachoua ni misuli ya kupumua kulegea. Akiacha kupumua, apuliziwe hewa mdomoni bila kukoma hadi awekwe kwenye mashine. Sumu ikiisha nguvu, huweza kupumua mwenyewe tena.