Kiwanda kikihama, usikubali kutoka mikono mitupu

Msomaji, iwapo kuna mtu wa nyumbani kwako anayevaa ovaroli kila asubuhi na kushika njia ya kiwandani, makala haya yanakuhusu. Na iwapo hakuna, yasome hata hivyo, kwani kiwanda kikifungwa anayeumia si mfanyakazi peke yake. Mama auzaye chapati na maharagwe langoni humwaga unga wiki iyo hiyo, na mwenye nyumba za kupangisha hubaki na funguo mkononi.

Wakazi wa Nakuru wanayajua hayo. Mwaka wa 2014 kampuni ya Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri mjini humo na kuamua kuuza betri zinazotoka nje, zikiwemo za kutoka Misri. Mwaka uo huo Cadbury ilifunga kiwanda chake cha Nairobi. Mnamo 2016 kampuni ya Sameer Africa iliacha kutengeneza tairi za Yana jijini Nairobi na kuamua zitengenezwe ng'ambo.

Tazama jambo moja hapo. Bidhaa hizo hazikutoweka madukani siku viwanda vilipofungwa. Kilichotoweka ni kazi.

Je, chama cha wafanyakazi kifanye nini siku kama hiyo? Wengi watasema kigome. Lakini mgomo humtisha mwajiri anayetaka mashine zizunguke. Yule ambaye amekwisha funga virago atatishika na nini?

Swali hilo liliwakuta wafanyakazi wa kiwanda cha Carrier katika mji wa Indianapolis, Marekani. Kisa chao kina mafunzo hata kwa mfanyakazi wa Thika au Athi River.

Februari 10, 2016, afisa wa kampuni aliwakusanya wafanyakazi na kuwaeleza kwamba kazi yao, ya kutengeneza mashine za gesi za kupasha nyumba joto, ingehamishiwa Monterrey, nchini Mexico. Kazi zipatazo 1,400 zilikuwa hatarini. Kiwanda hakikuwa kikipata hasara. Kilichotafutwa ni faida zaidi: kampuni ilikadiria kwamba ingeokoa dola milioni 65 kwa mwaka. Mfanyakazi wa Indianapolis alikuwa akilipwa dola zaidi ya 20 kwa saa, ilhali yule wa Monterrey angelipwa dola 3 hivi.

Piga hesabu, msomaji. Kima cha chini cha mshahara kwa sheria ya taifa la Marekani kilikuwa dola 7.25 kwa saa. Hata kama wafanyakazi wale wangekubali kupunguziwa mshahara hadi kiwango hicho, bado wangekuwa ghali maradufu kuliko wenzao wa Mexico. Chama chao, tawi nambari 1999 la muungano wa wafanyakazi wa vyuma, United Steelworkers, kiliyaona hayo mapema. Katika mbio za kutoza bei ya chini mtu hawezi kumshinda anayelipwa dola 3.

Kwa hivyo chama kilitafuta uwanja mwingine. Mfanyakazi mmoja alikuwa amelinasa tangazo lile kwa simu yake, na picha hizo zikaenea kote nchini. Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Wagombeaji wa urais walilidaka jambo hilo. Bernie Sanders alihudhuria mkutano wa wafanyakazi hao, naye Donald Trump akalitaja jina la Carrier kila alipopanda jukwaani. Isitoshe, kampuni mama ya Carrier, United Technologies, ilikuwa ikiiuzia serikali injini za ndege za kivita. Nani apendaye kugombana na mteja wa aina hiyo?

Desemba 1, 2016, Trump, akiwa rais mteule, alifika kiwandani na kutangaza kwamba kazi zaidi ya 1,000 zimeokolewa. Jimbo la Indiana liliahidi kuipa kampuni nafuu ya dola milioni 7 katika muda wa miaka 10. Watu walishangilia na wengine wakalia kwa furaha.

Lakini mwenyekiti wa tawi, Chuck Jones, aliketi na karatasi zake akahesabu. Aligundua kwamba katika idadi iliyotangazwa zilikuwemo kazi za ofisini na za utafiti zipatazo 300 ambazo hazikuwa zikienda popote. Zilizookolewa hasa zilikuwa kama 800, na wanachama wake wapatao 550 bado wangeachishwa kazi. Alisema hadharani kwamba wanachama walidanganywa. Trump akamshambulia kwenye mtandao, na Jones akaanza kupokea simu za vitisho.

Jones angeweza kunyamaza na kupigiwa makofi pamoja na wakubwa. Hata hivyo, fikiria yule mwanachama aliyekwenda nyumbani siku ile akamwambia mkewe kazi imepona, kumbe jina lake limo katika 550. Huyo alihitaji ukweli mapema ili asikope mkopo wa nyumba. Kiongozi anayewaficha wanachama habari mbaya huwa amewasaliti, hata akiwa na moyo mwema. Na kweli, watu waliachishwa kazi kwa makundi mnamo Julai 2017 na Januari 2018. Kiwanda kingine cha kampuni hiyo hiyo, mjini Huntington, kilikuwa na kazi 700 na hakikuokolewa.

Katika mji uo huo wa Indianapolis, tawi hilo hilo lilikuwa na wanachama katika kiwanda cha beringi cha Rexnord. Nacho kilihamishiwa Monterrey mwaka wa 2017. Kabla ya kuondoka, wafanyakazi waliombwa wawafunze Wamexico waliokuja kuchukua nafasi zao, kwa malipo ya ziada. Wapo waliokataa, wakisema hawawezi kujichimbia kaburi. Wapo waliokubali, kwa kuwa watoto wao walihitaji karo. Urafiki wa miaka mingi ulivunjika kwa ajili ya jambo hilo. Mimi siwezi kuwahukumu hao wala hao. Ninachoweza kusema ni kwamba yule kijana wa Monterrey hakuiba kazi ya mtu. Aliitwa, akaja, naye pia ana mama yake nyumbani.

Tukirudi kwetu, mfanyakazi wa Kenya ana silaha ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi akiarifu chama chao pamoja na afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, na kueleza sababu na idadi ya watakaoguswa. Asiye mwanachama sharti aandikiwe barua yeye mwenyewe. Kuchagua nani aende kusitegemee upendeleo, bali muda mtu aliotumika, ujuzi, uwezo na uaminifu wake. Siku za likizo ambazo hazikuchukuliwa hulipwa kwa pesa taslimu. Juu ya hayo kuna malipo ya kuachishwa kazi yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Chukua mfano. Mtu anayelipwa Sh1,000 kwa siku na aliyefanya kazi miaka 20 anastahili siku 300, yaani Sh300,000, mbali na notisi na likizo. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Chama chenye mkataba mzuri na mwajiri kinaweza kupata zaidi.

Vilevile, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamlazimu mwajiri kukipa chama habari kinazohitaji ili kijadiliane naye ipasavyo. Kwa hivyo chama kisingoje tangazo. Kiulize mapema: mbona mashine zilizoharibika hazinunuliwi nyingine? Mbona makontena ya bidhaa zilizokwisha tengenezwa yanaingia bohari? Mgonjwa hutibiwa kabla hajakata roho.

Nawe nyumbani, weka barua ya kuajiriwa na vijikaratasi vya mshahara mahali pamoja. Hakikisha michango yako ya NSSF imefika. Usitie sahihi karatasi ya kuagana kabla mwakilishi wa chama hajaisoma, na ukiona umedhulumiwa, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ipo kwa ajili yako.

Chama hakiwezi kukifunga kiwanda kamba kisiende. Kinaweza kuhakikisha kwamba anayehama amelipa kila senti anayodaiwa na kwamba wanachama wameambiwa ukweli wote. Basi Jumapili hii, kabla hujalikunja gazeti, muulize mwenzako wa ovaroli: mwakilishi wenu ni nani, na mkutano wenu wa mwisho ulikuwa lini?