Kuku wa jana: Ni supu au ni sumu?

Jumapili moja alasiri nilimpokea kliniki mama mmoja pamoja na watoto wake watatu, wote wakitapika na kuhara. Kitindamimba, mwenye umri wa miaka miwili, alikuwa amelegea na macho yameingia ndani. Ilitubidi kumwongezea maji kupitia mshipa.

Jumamosi jioni baba yao alikuwa amewaletea kuku mzima wa kuchoma. Walikula wakashiba, na nusu ikabaki mezani ndani ya sufuria hadi asubuhi. Siku iliyofuata mama aliikaangia nyanya na kitunguu, akaiacha itokote. Saa mbili tu baada ya chakula cha mchana, matatizo yakaanza.

"Lakini daktari, niliichemsha sana!" aliniambia kwa masikitiko.

Msomaji, kosa hili hufanywa na wengi wetu. Ni kweli kwamba moto huua viini. Hata hivyo, kuna viini, kama vile stafilokokasi vinavyoishi puani na kwenye ngozi yetu, ambavyo huacha sumu katika nyama iliyokaa nje kwa muda mrefu. Sumu hiyo haiharibiwi kwa kuchemshwa, wala huwezi kuitambua kwa harufu au ladha. Kwa hivyo, usalama wa kuku wa jana huamuliwa usiku ule wa kwanza, wala si wakati unapompasha moto.

Mkimaliza kula, nawa mikono kwa sabuni, tenganisha nyama na mifupa, kisha uviweke katika vyombo vidogo vyenye vifuniko ili vipoe upesi. Viingie ndani ya friji kabla ya saa mbili kupita tangu kuku atoke motoni. Joto likizidi nyuzi 32, kama linavyozidi Mombasa mwezi wa Machi, usipitishe saa moja. Ndani ya friji, kuku huyo atumiwe kwa muda usiozidi siku tatu au nne. Ikiwa huna friji, nunua robo au nusu, mkamalize siku hiyo hiyo.

Kuku aliyehifadhiwa hivyo hutoa supu nzuri sana. Weka mifupa katika lita mbili za maji pamoja na kitunguu, kipande cha tangawizi na pilipili manga. Iache ichemke kwa moto mdogo kwa muda wa saa moja, halafu uichuje vizuri, kwa sababu kifupa kidogo kinaweza kumkaba mtoto. Tia viazi na karoti zilizokatwakatwa. Vikiiva, ongeza nyama na uchemshe tena hadi supu yote itokote. Malizia kwa dhania na ndimu. Onja kabla ya kutia chumvi, kwa maana kuku wa kuchoma huwa tayari ametiwa, na chumvi nyingi ni hatari kwa mwenye shinikizo la damu.

Supu hii haiponyi homa ya mafua, lakini humpa mgonjwa asiye na hamu ya kula maji na protini, na joto lake hutuliza koo. Pasha moto kiasi mtakachokula tu.

Iwapo mtu ataanza kutapika au kuhara, mpe maji kidogo kidogo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Mkimbize hospitalini akitoa damu, akishindwa kuweka chochote tumboni, akikosa kukojoa, au macho yake yakiingia ndani.

Yule mtoto alipona baada ya siku mbili. Mama yake alikuwa akijaribu tu kuokoa chakula kilichogharimu pesa. Lakini nyama iliyolala mezani, hata iwe nusu kuku, ni heri kuitupa. Gharama ya kitanda cha hospitali ni kubwa zaidi.