Mkorosho, Mti Unaoning'iniza Mbegu Nje

Mkorosho ni mti wa mchanga. Hustawi kuanzia Kilifi na Kwale hadi Lindi na Mtwara, hata penye udongo usiokaa maji ambapo mahindi hudumaa. Mzizi wake mkuu huzama sana, na ile ya pembeni hutambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazili. Wareno ndio walioueneza katika karne ya 16. Pwani ya Kenya wapo wanaouita mkanju, jina lililokuja na mti wenyewe.

Huchanua masika yakishapita. Shada moja lina maua mengi ya kiume na machache yenye jinsia zote mbili, na ni hayo machache tu yanayoweza kuzaa. Kama usiku una baridi na umande, ubwiriunga huyafunika maua kama vumbi jeupe na kuyakausha, ndiyo maana wakulima hupuliza salfa.

Ajabu ya mti huu iko kwenye zao lake. Bibo, lile jekundu au la manjano lenye maji tele, si tunda hasa, bali ni kikonyo kilichovimba. Tunda halisi ni korosho ndani ya ganda lake. Korosho ndiyo hutangulia: hukua ikiwa kijani mpaka ifikie ukubwa wake kamili, kisha huanza kukauka, na hapo ndipo kikonyo hufura na kuipita mara nyingi kwa ukubwa.

Ganda lina tabaka mbili, na katikati yake mna mafuta makali yanayobabua ngozi. Mkorosho ni ndugu wa mwembe, ambao utomvu wake nao huchoma midomo. Kwa hiyo korosho mbichi haibanguliwi kwa meno. Hukaangwa kwanza, na hata moshi wake huwasha macho. Ukali huo huilinda mbegu, huku utamu wa bibo ukiwaita popo na nyani. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, ila lina ukakasi na huoza upesi mno, hivyo mengi huishia chini ya mti. Ni hasara kubwa kwa chakula kizuri namna hiyo.

Matawini huishi maji moto, sisimizi wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi za viluwiluwi wao. Huuma vibaya, lakini huwawinda mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi na korosho changa.