Mwalimu Akishauliza Swali

Ukitaka kujua mwalimu anaamini nini kuhusu kujifunza, andalio lake la somo halitakusaidia sana. Kaa nyuma ya darasa, umsikilize akishauliza swali.

Tuchukue darasa la tatu, Mpanda mjini au vijijini Mpimbwe. Swali: gunia moja ni debe sita, je, magunia manne ni debe ngapi? Watoto wa Katavi, mkoa wa mahindi na mpunga, wanalijua debe kabla ya daftari. Mmoja anajibu, "Kumi." Mwalimu anayeamini kazi yake ni kumimina maarifa atasema, "Umekosa, mwingine!" Mwingine akipatia, somo linasonga. Anayeamini kwamba mtoto ana fikra zake atauliza, "Umepataje?" Hapo itajulikana kuwa mtoto alijumlisha sita na nne. Kujumlisha anakujua vizuri. Kilichompita ni kwamba kila gunia lina debe zake sita. Sasa mwalimu ana cha kufundisha.

Imani hizi zinatoka wapi? Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza kwamba mwalimu huwa ameutazama ualimu kwa maelfu ya saa akiwa mwanafunzi, kabla hajakanyaga chuo. Humo ndimo alimojifunzia kufundisha. Ndiyo maana mitaala hubadilika upesi kuliko madarasa. Tanzania imeuhubiri ujenzi wa umahiri tangu katikati ya miaka ya 2000, ikaleta mkazo wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, kisha mitaala iliyoboreshwa ya mwaka 2023. Hata hivyo, "Tumeelewana?" na "Ndiyo mwalimuuu!" bado husikika hadi barabarani. Kwa kiitikio hicho mwalimu hawezi kujua nani ameelewa.

Miaka ya 1970, Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima muda ambao walimu husubiri jibu. Wengi hawakufikisha hata sekunde mbili. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kujaribu. Katavi naona jambo hili lina uzito wa pekee. Mtoto wa wafugaji Wasukuma huenda analipitisha swali kwenye Kisukuma kwanza. Wa Katumba au Mishamo, makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi kutoka Burundi, huenda analipitisha kwenye Kirundi, kisha atafute jibu la Kiswahili. Kimya chake hudhaniwa ujinga.

Najua nitakachojibiwa: chumba kimefurika, nimsubiri nani? Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 pingamizi hilo lina nguvu, na simlaumu anayeshika njia ya mkato. Lakini msongamano huohuo ndio sababu ya kuwaacha watoto waambiane jibu wawili wawili kwenye dawati kabla hajateuliwa yeyote. Tena ateuliwe bila kungoja vidole, maana vidole vinavyonyooshwa ni vilevile kila siku, vya madawati ya mbele.

Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unawakutanisha walimu shuleni kwao. Ningependa kikao kimoja kiandaliwe hivi: mwalimu mwenzako akae nyuma na mchoro wa madawati, amwekee alama kila mtoto aliyezungumza, na mjadala uanze na wasio na alama.